Daktari katika Kioo cha Simu: Matunzo ya Wagonjwa wa Muda Mrefu kwa Njia ya Video

Ugonjwa sugu, yaani ule unaodumu kwa miezi na miaka na ambao kwa kawaida hutulizwa bila kuponywa kabisa, hautibiwi kwa siku moja ya kliniki, bali hutibiwa katika siku zote zilizo kati ya kliniki moja na nyingine, mgonjwa anapopika, anapolala, anapomeza vidonge au anapoamua kuviacha. Kisukari, shinikizo la juu la damu, pumu, selimundu, kifafa na kushindwa kwa moyo, yote yamo katika kundi hili. Ndiyo maana tibamtandao, jina lililozoeleka nchini Tanzania kwa huduma za afya zinazotolewa kwa simu na intaneti, na hasa ule mtindo wake ambamo mgonjwa na daktari huonana kwa video, huwafaa zaidi wagonjwa hawa kuliko mwenye malaria au aliyevunjika mguu. Hata hivyo faida hiyo haitokani na picha yenyewe. Hutokana na vipimo vilivyochukuliwa nyumbani kabla simu haijapigwa na hatua zinazochukuliwa baada ya simu kukatwa, na mgonjwa anayefungua kamera mikono mitupu huambulia mazungumzo mazuri na tiba haba.

Kumtibu mtu aliye mbali si jambo geni. Mwaka 1905 Willem Einthoven, mwanasayansi wa Uholanzi aliyebuni mashine ya kuchora mwenendo wa umeme wa moyo, alipokea katika maabara yake mjini Leiden michoro ya mioyo ya wagonjwa waliokuwa hospitalini, kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka hapo, kwa kupitia waya wa simu. Katika Afrika Mashariki, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957, ambalo leo hujulikana kwa jina la Amref, lilitumia redio ya upepo kuwaunganisha wahudumu wa hospitali za mbali na madaktari waliokuwa Nairobi. Aliyezungumza redioni siku hizo hakuwa mgonjwa, bali mhudumu aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, ambaye tayari alikuwa amepima joto, amehesabu mapigo na kufunua kope za macho. Video imemwondoa mtu huyo wa kati, na kazi yake imeangukia mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake, ambao mara nyingi hawakuambiwa kwamba wamekabidhiwa kazi yoyote.

Ushahidi wa kitafiti unaelekea huko huko. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2018, ukihusisha zaidi ya wagonjwa 1,500 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, ulionyesha kwamba waliofuatiliwa wakiwa nyumbani walipoteza siku chache zaidi kwa kulazwa ghafla au kwa kifo kuliko waliopata matunzo ya kawaida. Kilichowafuatilia si mazungumzo ya kamera, bali mizani, kipima presha na kichora moyo vilivyotuma namba kila siku kwenye kituo chenye watu wa kuzisoma usiku na mchana.

Haja ya huduma ya namna hii ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta shinikizo la juu la damu kwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne, na kisukari kwa takriban tisa kati ya kila mia. Madaktari bingwa, kwa upande mwingine, wamejazana mijini. Mgonjwa wa moyo anayeishi kisiwani Mafia, akitakiwa kuonana na bingwa Dar es Salaam, hupanda boti Kilindoni kuvuka hadi Nyamisati, kisha hupanda gari hadi Mbagala, kisha daladala mpaka hospitali, akiwa na mtu wa kumsindikiza na bila uhakika wa kurudi siku hiyo hiyo. Na huko aendako huenda akakaa na daktari kwa dakika kumi tu, akaambiwa aendelee na dawa zile zile. Hudhurio la aina hiyo, ambalo mwisho wake ni kuendelea na dawa zile zile, ndilo linalofaa kuhamishiwa kwenye video.

Si kila hudhurio linahamishika. Mara ya kwanza mgonjwa anapokutana na daktari wanapaswa kuonana uso kwa uso, kwa kuwa utambuzi wa ugonjwa hutaka mkono unaopapasa tumbo na sikio linalosikiliza mapafu, na kwa sababu mgonjwa aliyekwisha kumfahamu daktari wake humweleza mengi zaidi simuni. Vivyo hivyo kuna vipimo vya kila mwaka ambavyo havina njia ya mkato: uchunguzi wa sehemu ya nyuma ya jicho kwa mwenye kisukari, kipimo cha mkojo na damu cha kuangalia figo, na ule uchunguzi wa nyayo ambamo daktari hugusa ngozi kwa uzi mgumu wa nailoni ili kujua kama miguu bado ina hisia. Mpango wa busara ni kupanga mwaka mzima mapema pamoja na daktari, mahudhurio ya kliniki yakiwekwa penye vipimo hivyo na ya video yakijaza nafasi zilizobaki. Ikitokea dawa mpya yenye madhara mazito imeanzishwa, au hali ya mgonjwa imebadilika, mpango huo hauna budi kuvunjwa.

Kati ya vipimo vya nyumbani, kinachoharibika kwa wepesi kuliko vyote ni cha shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha tu. Namba mbili zinazoonekana kwenye mashine ni nguvu ya damu ndani ya mishipa moyo unapojikamua, ambayo ndiyo ya juu, na nguvu yake moyo unapolegea, ambayo ndiyo ya chini, na zote mbili hupanda kwa mambo madogo sana. Mpimwa anatakiwa aketi akipumzika kwa dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni bila kukunja nne, kibofu kikiwa kitupu, na awe hajanywa kahawa, hajavuta sigara wala hajatoka kuteka maji katika nusu saa iliyotangulia. Mkanda ufungwe juu ya ngozi tupu ya mkono wa juu, si juu ya shati wala kitenge, na mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, kwa maana mkono unaoning'inia hupandisha namba, na mdomo unaozungumza huzipandisha pia, kiasi cha kumfanya daktari aongeze dawa isiyohitajika. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya vivyo hivyo, na mashine za kufungwa kwenye kifundo cha mkono haziaminiki kama za mkono wa juu. Vichukuliwe vipimo viwili vinavyopishana kwa dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku saba zinazotangulia miadi, kisha vya siku ya kwanza viachwe na vilivyobaki vitafutiwe wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa umepanda, ilhali kliniki kikomo kinachotumika sana ni 140 kwa 90, kwa sababu watu wengi hupanda presha kwa kuliona tu koti jeupe. Hapa video ina faida ambayo hata kliniki haina: mgonjwa akiombwa ajipime mbele ya kamera, daktari huona palepale kwamba kosa lilikuwa la kiti wala si la dawa.

Sukari nayo ina mitego yake. Kidole kilichotoka kumenya embe bila kuoshwa huipa mashine sukari ya embe, na vijiti vya kupimia vilivyokwisha muda au vilivyoachwa kopo wazi hutoa namba zisizo na maana. Familia iliyotumiwa mashine na ndugu aliyeko Marekani iangalie kizio kilichoandikwa kwenye kioo, kwa maana mashine za huko husoma kwa miligramu katika desilita moja ya damu, ilhali zinazotumika Afrika Mashariki kwa kawaida husoma kwa milimoli katika lita, na namba ya kwanza hugawanywa kwa 18 ili kupata ya pili. Aliyesoma 180 ana 10, na hakuna haja ya kukimbizana usiku. Pamoja na namba hizo za kila siku, daktari huhitaji kipimo cha maabara kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu kwa kuangalia sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, na damu yake hutolewa siku kadhaa kabla ya mazungumzo ya video ili jibu liwe limefika. Mwenye selimundu hana budi kumkumbusha daktari hali yake, kwa kuwa chembe zake huishi muda mfupi na kipimo hicho humpotosha. Kwa mgonjwa wa moyo chombo muhimu zaidi ni mizani ya kawaida: ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, na uzito ukiongezeka kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, hayo ni maji yanayojaa mwilini, si kunenepa, na taarifa hiyo haisubiri tarehe ya miadi.

Namba zote hizi ziandikwe kwenye daftari moja, pamoja na saa, na picha ya kurasa hizo itumwe kwa daktari siku moja kabla. Daktari anayesomewa namba arobaini simuni huacha kusikiliza kufikia ya kumi.

Siku ya mazungumzo yenyewe, simu isishikwe mkononi bali iegemezwe kwenye kitu kizito, mgonjwa akae akielekea dirisha badala ya kulipa mgongo, na redio na feni vizimwe. Bando liwe limenunuliwa mapema, kwani picha ni mlafi wa data. Wakubaliane mwanzoni nani atampigia mwenzake mtandao ukikata, na wasione aibu kuzima kamera picha inapoganda, maana simu ya sauti yenye namba sahihi ina thamani kuliko uso ulioganda mdomo wazi.

Kitu cha kwanza kuonyeshwa kamerani ni mfuko wa dawa, wote, umwagwe juu ya meza. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani hutaja anazozikumbuka, lakini mfuko hausahau. Ndani yake daktari anaweza kukuta paketi mbili zenye majina tofauti ya kibiashara, moja iliyotoka hospitali ya wilaya na nyingine duka la dawa la jirani, zote zikiwa na amlodipini ile ile inayoshusha presha, na hapo ndipo inapojulikana kwa nini miguu imevimba na kizunguzungu hakiishi. Anaweza pia kukuta diklofenaki ya kutuliza maumivu ya magoti, dawa ambayo huuzwa kwa wepesi na ambayo hupandisha presha na kuumiza figo, au chupa ya soda yenye mitishamba ambayo mgonjwa hakuona kuwa inahesabika miongoni mwa dawa. Daktari mwenye hekima huiuliza chupa hiyo bila kukunja uso, la sivyo haitaonekana tena. Kwa anayechoma insulini, ionyeshwe pia inapohifadhiwa: ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu bila kuganda, na pasipo umeme mtungi wa udongo uliowekwa kivulini huipunguzia joto kwa kiasi cha kufaa. Insulini iliyopaswa kuwa angavu ikawa na ukungu, au ile ya rangi ya maziwa ikabaki na mabonge hata baada ya kuviringishwa viganjani, itupwe.

Kisha mwili. Mwenye kisukari aonyeshe nyayo, visigino na nafasi kati ya vidole, kamera ikisogezwa taratibu na mwanga wa kutosha, kwa sababu kidonda asichokiona huenda kisimuume, na wale wanaolalamika kwamba miguu inawaka moto usiku ndio ambao mishipa yao ya fahamu imekwisha kuanza kuharibika. Mwenye moyo dhaifu abonyeze kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, karibu na kifundo, kwa sekunde chache, kisha aachie. Shimo likibaki, daktari amekwisha kuona alichotaka kuona. Mwenye pumu avute dawa yake mbele ya kamera kama avutavyo siku zote, maana wengi hubonyeza kopo na kuvuta hewa kwa kuchelewa, dawa ikaishia kooni. Atakiwe kulitikisa kopo, kutoa pumzi, kisha kubonyeza huku akivuta polepole na kuishikilia pumzi kwa hesabu ya kumi. Kwa mtoto, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri penye kopo inaweza kutumika kama chemba ya kupitishia dawa. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo yaliyoonyesha kwamba inafanya kazi vyema.

Jambo linalosahaulika zaidi ni nani yuko chumbani. Katika nyumba nyingi simu yenye kamera ni ya kijana, naye ndiye anayeishika, anayejibu na hata anayetafsiri, huku mzee akikaa pembeni kama shahidi wa ugonjwa wake mwenyewe. Daktari kijana anayeanza kwa shikamoo na kumwelekea mzee moja kwa moja hurudisha mazungumzo mahali pake. Lakini heshima hiyo haitoshi, kwa sababu yapo mambo ambayo baba hatayasema mbele ya mwanawe wala mama mbele ya mkwewe: kisukari huwapunguzia wanaume nguvu za kiume, baadhi ya dawa za presha huongeza hali hiyo, na mgonjwa aliyeligundua jambo hilo huacha vidonge kimyakimya na kuendelea kusema anameza. Inafaa basi kila hudhurio liwe na dakika chache za faragha, kijana akishaweka simu sawa atoke na kufunga mlango, na dakika hizo zitolewe kwa kila mgonjwa kama utaratibu, ili kuombwa kwake kusionekane kuwa ni dalili ya siri. Baadaye mtunzaji arejeshwe, kwa kuwa mpishi wa nyumba anahitaji kusikia habari za chumvi: ng'onda na dagaa wa chumvi, kwa mwenye presha, ni mazungumzo ya kweli kuliko karatasi yoyote ya lishe.

Kamera ina mambo inayoyaficha, nayo ni mengi. Haina harufu wala joto. Weupe wa utando wa macho kwa mtu aliyepungukiwa damu, umanjano wa ini au ubuluu wa midomo hupotea kwa urahisi katika kioo cha simu, hasa kwa ngozi nyeusi. Hata kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima kiasi cha oksijeni katika damu hakina usawa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulikipita bila kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo namba nzuri ya kidoleni isitumike kumnyamazisha mtu anayehema kwa shida.

Zipo hali ambazo hazitaki miadi wala bando, bali gari. Maumivu ya kubana kifuani, mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla au ulimi kuwa mzito, kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi, degedege lisilokoma, kidonda cha mguu kinachogeuka cheusi au kutoa harufu, na kutapika mfululizo sukari ikiwa juu, vyote hivyo hupelekwa moja kwa moja kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 katika lita, anayeweza kumeza apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji na kupimwa tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe.

Kuhusu anayeketi upande wa pili wa kioo, mgonjwa ana haki ya kumjua. Daktari wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumuuliza jina kamili na usajili wake si utovu wa adabu. Aidha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na kwa hiyo picha za miguu na za vyeti zitumwe kwa daktari au kituo, wala si kwenye kundi la familia, ambamo zitasafiri mpaka kwa watu wasiohusika. Mwanachama wa bima aulize kabla ya miadi kama hudhurio la video linalipiwa. Jibu hutofautiana, na kuligundua baadaye ni ghali.

Kabla simu haijakatwa, mgonjwa ayarudie maagizo kwa maneno yake mwenyewe, dawa kwa dawa, ipi imeongezwa, ipi imeachwa na kwa nini, kwani kutikisa kichwa kamerani kunaweza kuwa ni adabu tu. Cheti cha dawa kitumwe wakati daktari bado yuko hewani, mtunzaji aulize duka la dawa kama dawa hiyo ipo, na isipokuwepo mbadala uchaguliwe na daktari badala ya muuzaji. Mwisho ipangwe tarehe ya damu inayofuata na ya hudhurio la ana kwa ana, na kwa mgonjwa wa Mafia tarehe hizo ziangaliwe pamoja na ratiba ya boti na msimu wa kusi, wakati bahari inapochafuka.